Mrudishie Mwenyewe Sarafu ya Daraja

Mama yangu alinishika mkono akiwa kitandani, akaniwekea sarafu kiganjani, akanifunga vidole kimoja kimoja.

Akasema, "Mrudishie mwenyewe."

Basi. Hakusema tena neno lingine hapa duniani.

Tatizo ni moja tu, jamani. Mwenyewe alikuwa ameshakufa kabla mimi sijajua kutembea!

Ngoja nikusimulie vizuri. Kama uko kwenye foleni, mwambie wa nyuma yako apite kwanza.

Ile sarafu naijua tangu utoto. Mama alikuwa fundi cherehani, sare za shule za mtaa wetu wote zimepita mikononi mwake. Alikuwa na kopo la vifungo. Humo ndani, katikati ya vifungo vya kila rangi, kulikuwa na duara moja la fedha, zito, halina matundu.

Upande mmoja lilichorwa daraja. Juu ya daraja mstari wa vibarua wanatembea, wadogo kuliko punje za mchele. Chini yake mwaka wa ufunguzi. Upande wa pili ngao na maneno ya ukumbusho. Haikuwa ya kununulia kitu dukani, ilikuwa ya kuwekwa tu.

"Ya baba yako hiyo," mama alikuwa akisema. "Ya daraja."

Baba alikuwa kibarua wa lile daraja kubwa. Alianguka kabla halijaisha. Mto ukamchukua, mwili haukuonekana hadi leo. Kwa hiyo sisi hatuna kaburi. Kaburi letu lilikuwa kwenye kopo la vifungo.

Shuleni niliringa nayo sana. Nikamwambia mwenzangu, "Baba yangu yuko kwenye sarafu. Wako yuko wapi?"

Akanijibu, "Wangu yuko nyumbani anakula."

Jibu lake nililitafuta njia nzima ya kurudi nyumbani. Mpaka leo sijalipata.

Sasa, tulipomaliza mazishi ya mama, nikabaki na mama mdogo tunapanga vitu. Mama mdogo ni mdogo wake mama, mwanamke wa maneno. Mimi haniiti jina langu. Ananiita Mama Simu, kwa sababu simu haitoki mkononi mwangu. Nikioga naiweka kwenye kikombe cha miswaki.

Nikamwonyesha sarafu, nikamwambia alichosema mama.

Akavuta pumzi. "Si baba yako huyo anayesemwa? Basi kaitupe mtoni, Mama Simu. Mwenyewe yumo humo."

Nikaona ina maana kabisa.

Ila mimi ni mimi. Siwezi kutupa kitu bila kukipiga picha.

Na ilikuwa nyeusi tii, miaka mingi ndani ya kopo. Nikachukua dawa ya meno na mswaki wa zamani, nikasugua. Weh! Ikang'aa kama kioo. Nikapiga picha, nikaiweka kwenye kundi moja la watu wa sarafu mtandaoni. Nikaandika, "Ya marehemu baba yangu. Nataka kujua ni nini kabla sijaiaga."

Unawajua watu wa mitandaoni. "Feki hiyo dada." "Nitumie namba." "Pole kwa msiba, unauza?"

Lakini mmoja akaandika, "Sogeza kamera chini ya mwaka. Kuna alama ndogo sana. Ni nanga au ni jani?"

Nikasogeza. Nikavuta picha mpaka ikawa ukungu.

Ilikuwa jani.

Akajibu, "Jani? Kabla hujaiaga, ipeleke kwa mtu mwenye lenzi."

Ndiyo nikaenda kwa Bi Miwani.

Duka lake ni jembamba, limebanwa katikati ya fundi saa na mchonga funguo. Ananunua na kuuza sarafu za zamani. Ana miwani usoni, miwani mingine kichwani, na lenzi imening'inia shingoni kama kipenga cha refa.

Akaishika sarafu ukingoni kwa vidole viwili. Akainusa. Ndiyo, aliinusa!

"Umeiosha na nini?"

"Dawa ya meno."

Aliniangalia kana kwamba nimemwambia nimefua mtoto kwa jiki.

"Kwani ilikuwa inakwenda harusini? Ule weusi ndiyo nguo yake. Umemvua mtu mzima nguo barabarani."

"Samahani, dada."

"Usiniombe mimi. Muombe yeye." Akaielekezea sarafu kidevu.

Hasira zilipompoa akaanza kazi. Akaiweka kwenye mizani ndogo. Akaishushia sumaku iliyofungwa kwenye uzi, sumaku ikapita kama haijaona mtu. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika.

"Fedha ya kweli. Ona hii namba hapa, mia tisa ishirini na tano. Ukiigawa sarafu hii vipande elfu, hivyo ndivyo vya fedha. Vilivyobaki ni shaba, isije ikawa laini mno. Sasa tuulize nani kaipiga chapa."

Akaniwekea lenzi jichoni.

"Kila kiwanda cha sarafu kina alama yake. Kama ng'ombe, kila mfugaji na chapa yake. Hili jani ni chapa ya kiwanda."

Kisha akafungua droo, akatoa sarafu nyingine. Daraja lilelile. Mwaka uleule. Vibarua walewale. Ila chini ya mwaka kulikuwa na nanga.

"Pitisha kucha ukingoni mwa hii yangu."

Nikapitisha. Laini kama yai.

"Haya, yako."

Krrrr. Ina meno.

"Unaona? Mapacha kwa sura, lakini hawakuzaliwa siku moja," akasema. "Ya nanga ni ya siku ya ufunguzi. Zilikuwa chache, wakagawana wakubwa na wageni wao. Baadaye kile kiwanda cha nanga kikafungwa. Daraja lilipotimiza miaka kumi, zikatakiwa nyingine, kazi ikapelekwa kiwanda cha jani. Wakachukua mchoro uleule, na mwaka wa ufunguzi wakauacha vilevile. Ndiyo maana watu wengi hawajui. Wanasoma mwaka, hawasomi alama."

"Kwa hiyo hii yangu..."

"Ilitengenezwa daraja likiwa na miaka kumi."

"Walipewa nani?"

"Vibarua waliolijenga. Walipewa mkono kwa mkono, palepale darajani. Mjomba wangu alipanga foleni, akarudi na miguu imevimba na kicheko hadi masikioni."

"Na vibarua waliokufa?"

"Waliokufa hawapangi foleni, mdogo wangu."

Nikaishika sarafu kwa mikono miwili.

"Dada, baba yangu alikufa daraja halijaisha."

Bi Miwani akavua lenzi, akaifuta kwa pindo la blauzi. Akasema taratibu, kama mtu anayesoma bei, "Basi ama hii si ya baba yako, ama baba yako hakufa."

Duka likawa dogo ghafla. Nilisikia fundi saa wa pembeni anapiga chafya, nikaona kama anapiga chafya mbinguni.

Nilipotaka kuondoka akanizuia. "Kuna kingine. Tazama huyu kibarua wa mwisho kwenye mstari. Hana uso, amelika. Hii si kazi yako na dawa yako ya meno, hiki ni kidole. Mtu alikuwa anampapasa huyu miaka na miaka."

Hapo sikuhitaji lenzi. Nilimwona mama. Anasubiri pasi ipate moto, sarafu iko mkononi, kidole gumba kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi. Nilidhani ni mazoea ya fundi, kama wanavyochezea vifungo.

Nilirudi nyumbani naongea peke yangu barabarani. Watu wakadhani naongea na simu.

Hebu fikiria na wewe. Mwili haukuonekana. Sarafu walipewa waliokuwa hai. Na mama anasema, mrudishie mwenyewe. Huwezi kumrudishia mtu kitu kama hayupo!

Na nilipojaribu kukumbuka, nikagundua sikuwahi kuiona ile sarafu nikiwa mdogo kabisa. Nilianza kuiona nikiwa najua kusoma tayari.

Baba yuko hai. Alikuja. Alikuja mpaka nyumbani kwetu, na mama akamfungia mlango, mimi akaniambia kafa.

Nikaenda moja kwa moja ukutani, nikaigeuza picha ya mama ikaangalia ukuta.

Mama mdogo akanikuta. "Unafanya nini?"

"Sitaki aniangalie."

"Unamnunia marehemu? Haya, kaa hapo usubiri aje akubembeleze."

Nikamweleza yote, ya nanga, ya jani, ya meno ya ukingoni. Akakaa kwenye kiti cha cherehani.

Baadaye akasema, "Dada yangu alikuwa mkali. Kwa sukari alikuwa mchoyo, chai yake ilikuwa kama maji ya kuoshea vikombe. Lakini mwongo? Hapana. Mwongo hapana."

"Basi nani alipanga foleni, mama mdogo?"

Akaanza kuviokota vifungo chini, na wala havikuwa vimemwagika vingi.

Sasa nikuambie ukweli ambao sijamwambia mtu. Hasira ile ilipopungua, nilichobaki nacho kilikuwa furaha.

Mtu nimetoka kuzika, udongo haujakauka, na nina furaha! Nilifungua kamera ya mbele ya simu, nikaitazama pua yangu. Mama hakuwa na pua hii. Kuna mtu hapa duniani ana pua hii. Nikajirekodi nikisema, "Shikamoo baba." Nikafuta. Nikajirekodi tena. Nikafuta. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba kazi.

Bi Miwani alikuwa ameniambia, "Wazee wa daraja wanajuana. Ulizia kwenye ofisi ya matengenezo." Kesho yake asubuhi nikavaa gauni alilonishonea mama, nikaenda.

Ofisi iko chini ya daraja lenyewe, ukingoni mwa mto. Magari yanapita juu ya kichwa chako, dum, dum. Nilimkuta msimamizi, mwanamke wa makamo, buti zake zina rangi za matabaka kama keki.

"Unatafuta kazi?"

"Natafuta baba."

"Binti, hapa tuna kutu na rangi tu. Baba labda ujaribu pengine."

Nikamwonyesha sarafu. Utani ukamwisha usoni.

"Umeipata wapi hii?" Akaigeuza, akapitisha kucha ukingoni, nikajua huyu anazijua. "Wazee wetu hukutana hapa kila mwaka siku ya kumbukumbu. Kila mmoja na yake mfukoni, wanaringishiana kama watoto wa gololi. Mmoja tu ndiye hana. Wakimuuliza iko wapi, anasema kaiazimisha. Wanamcheka, nani anaazima sarafu isiyonunua kitu?"

"Yuko wapi?"

"Mzee Kamba? Yuko stoo. Anawafundisha vijana mafundo ya kamba za kupandia. Hapandi tena, magoti yamestaafu, lakini kamba hapandi nayo mtu mpaka yeye aishike kwanza."

Stoo ilinuka rangi na kamba mpya. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo mpana, kichwa cheupe. Mikono ilimtetemeka alipofikia chupa ya maji. Aliposhika kamba, ikaacha kutetemeka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Pita, ila usikanyage kamba."

Jamani, mzee yeyote angenijibu hivyo, hata muuza maji. Lakini mimi nililisubiri jibu hilo maisha yangu yote. Nikaanza kulia hata sijafika katikati ya chumba.

Nikafungua kiganja.

Kamba ikamponyoka.

Aliitazama sarafu, akanitazama mimi, akairudia sarafu. Midomo ikamcheza.

"Amenisamehe?"

"Nani?"

"Mama yako. Wewe ni mtoto wake, hilo siulizi, hata kusimama unasimama kama yeye. Niambie. Amenisamehe?"

Hapo yote niliyoyakariri kwenye simu yakapotea. Nikafoka. "Akusamehe kwa nini? Miaka yote hiyo uko hapa! Nauli tu ya kwenda na kurudi! Unafundisha watoto wa watu kufunga kamba, na wa kwako anaambiwa baba yake kaliwa na mto!"

Nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyegundua kashika mzigo usio wake.

"Mwanangu," akasema polepole, "unadhani mimi ni nani?"

"Baba yangu."

Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Juu yetu lori likapita. Dum, dum.

"Hapana," akasema. "Hapana, mwanangu. Natamani ningekuwa. Baba yako alikufa kweli. Nilimwona anakwenda. Zamu ile ilikuwa yangu."

Nilikaa chini palepale, juu ya kamba nilizokatazwa kuzikanyaga.

Mama nilikuwa nimemzika juzi tu. Sasa nikafiwa na baba, mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto mchanga, nilinyonya nikalala. Safari hii nilikuwa mtu mzima, nikaisikia yote.

Akanisimulia, macho yako kwenye mikono yake.

Siku ile kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevimba, hakiwezi kukaza kamba. Angesema, angekatwa ujira wa siku. Baba akamwambia, "Lete mkanda wako, nitapanda mimi. Wewe jifanye unahesabu misumari." Akapanda na mkanda wa mwenzake na kamba ya mwenzake. Mzee mwenyewe ndiye aliyemfungia fundo, kwa mkono ule mbovu.

"Fundo lilifunguka?" nikauliza.

"Sijui. Wengine walisema ni upepo, wengine mkanda. Sijui, na sitajua. Ndiyo maana mpaka leo kamba hapandi nayo mtu bila mimi kuishika."

Miaka kumi baadaye wakaitwa kupewa sarafu. Akapanga foleni, akapewa, akapeana mkono na wakubwa. Akauliza, na za wenzetu waliokufa? Akaambiwa atoke kwenye mstari, anachelewesha watu.

"Sikuweza kulala nayo. Nikamtafuta mama yako. Akafungua mlango, futi ya kupimia iko shingoni. Nikamwambia yote, ya zamu, ya mkono, ya fundo. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikampa sarafu. Nikamwonyesha kibarua wa mwisho kwenye mstari, nikamwambia, huyu ndiye yeye, maana alipenda kutembea nyuma ya wote. Hii ni haki yake. Nikamwambia, kaa nayo, shemeji. Na kama siku moja utaweza kunisamehe, nirudishie, nitaelewa."

"Akasemaje?"

"Akafunga mlango. Taratibu. Kila siku ya kumbukumbu wenzangu wanaringishiana, mimi naangalia geti."

Kwa hiyo mama hakunidanganya hata siku moja. Alisema ni ya baba yako. Ilikuwa ya baba yangu. Yaliyobaki nilijijazia mwenyewe, nikamgeuza akaangalia ukuta.

"Anaendeleaje?" mzee akauliza. Akaanza kujiinua. "Yuko nje? Ulikuja naye? Ngoja nivae viatu."

Nilitikisa kichwa tu.

Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia kwenye kiatu. Akauacha humo humo. Akakaa.

Akauliza, "Alisema nini mwishoni?"

"Alisema, mrudishie mwenyewe."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Akainama mbele, akanisogelea kama mtu mwenye sikio bovu.

"Kwa sauti gani?"

Akanikazia macho.

"Mwanangu, ilikuwa sauti ya hasira? Kama mtu anayesema, mrudishie kitu chake, sitaki kukiona? Au ilikuwa ya upole? Niambie ilikuwa sauti gani."

Simu yangu imejaa, jamani. Nina sauti ya cherehani ya mama. Nina mama akinigombeza, "Acha kunirekodi, nywele zangu hazijachanwa." Nina mama akicheka mpaka anakohoa. Ile sauti moja ambayo mtu mwingine aliisubiri kuliko chochote, sina. Ilikuwa ndogo, ya mtu anayeondoka. Hata kama ningeirekodi, sijui kama ingekuwa na rangi.

Ningeweza kudanganya. Neno moja tu, upole, na mzee angelala usingizi. Lilikuja mpaka kwenye ulimi.

Lakini nilikuwa nimetoka kujifunza jinsi mtu anavyoweza kujijazia.

Nikamwambia, "Sauti sikuishika, baba. Mkono ndio ninaoukumbuka."

"Nionyeshe."

Nikapiga magoti mbele yake. Nikachukua mkono wake, ule wa kulia, kifundo bado kimepinda kidogo. Nikaweka sarafu kiganjani. Nikamfunga vidole vyake kimoja kimoja, taratibu, kama nilivyofungwa mimi. Cha mwisho nikakishikilia kidogo kabla ya kukiachia, kwa sababu na mama alifanya hivyo. Nilikuwa nimesahau mpaka pale.

Mzee Kamba alilia bila sauti. Kidole gumba kikapenya ndani ya ngumi, kikamtafuta kibarua wa mwisho. Kikamkuta amelika. Kikatulia hapo.

Niliporudi nyumbani mama mdogo alikuwa mlangoni.

"Umemrudishia?"

"Nimemrudishia."

"Na baba yako?"

"Bado yuko mtoni, mama mdogo."

Akanivuta kifuani. Kisha nikaingia ndani, nikamgeuza mama akaangalia chumba. Nikamwambia, samahani. Yeye alikuwa na sura ileile, ya mtu anayesubiri pasi ipate moto.

Wanaoniuliza bado kwenye lile chapisho kama nauza, sarafu haipo kwangu. Iko kwa mwenyewe.

Na wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu umemsamehe kimoyomoyo, usimtumie kitu, wala usimtume mtoto. Mama alisamehe, naamini hivyo, lakini mzee wa watu atabaki akijiuliza sauti ilikuwaje mpaka anaingia kaburini. Weka simu sikioni, mwambie mwenyewe, wakati bado anaweza kukusikia na wewe bado una pumzi ya kusema.